Mama Anaficha Maji

Asubuhi moja ya kipupwe nilimmiminia chai bwana aliyekuja kupuliza salfa kwenye mikorosho yangu, na kilichotoka kwenye chupa ya chai kikawa maji. Maji ya kisima, baridi, na kijiti kidogo kinaelea juu. Yule bwana alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema ahsante, akanywa. Watu wa kwetu Newala hawakatai maji. Nikamwomba radhi, nikasema mambo yameingiliana jikoni, akasema hapana neno, dada, akainuka kwenda kazini. Akatia mguu kwenye buti lake la mpira aliloliacha mlangoni, na buti lilikuwa limejaa maji mpaka juu.

Hapo hakusema ahsante.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, kanga ameifunga vizuri kichwani, anatutazama kama mtu ambaye jambo lenyewe halimhusu. Yule bwana alipoanza kulipindua buti lake, mama akamwambia taratibu, "Mwaga, baba. Kisha utakwenda kuyachota wewe."

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Mama si mkorofi, wala si mwendawazimu. Amekula chumvi nyingi, na miaka hii ya karibuni kumbukumbu zimeanza kumtoka. Za jana ndizo zilizotangulia kuondoka, za zamani zimebaki zimekaa. Alichokula asubuhi hakijui mchana. Mimi niliyetoka tumboni mwake, siku nyingi hanijui. Siku njema ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki, na siku mbaya ananiita "mama" kwa adabu, kama anavyomwita mteja wangu yeyote aliyekuja kupima gauni.

Lakini maji anayajua. Anayachota kisimani nikisahau kufunga, anayaficha. Kwenye chupa, kwenye sufuria, kwenye birika la udhu, kwenye makopo ya maziwa ya wanangu ambao sasa wao wenyewe ni baba za watu huko Mtwara. Chini ya kitanda chake usipitishe ufagio bila kwanza kupiga magoti na kuchungulia.

Kwa asiyepajua kwetu, inabidi nieleze hicho kisima. Huku juu ya uwanda wa Makonde, chini ni mchanga mtupu, maji yako mbali huko kuzimu. Kwa hiyo kisima chetu ni shimo lililojengewa saruji uani, na maji yake yanatoka juu: mvua inapiga bati, inafuata gata, inaingia shimoni. Unafunika, unatia kufuli, unamwomba Mungu yakufikishe mpaka mvua nyingine. Bomba lipo, sikatai. Linatoka likijisikia.

Mama yeye amekulia kabla hata ya hayo mabati. Wakati wake wanawake walikuwa wanaamka jogoo la kwanza, wanateremka bonde lote upande wa Shimo la Mungu kwenda kuchota chini, na kupanda tena na mtungi kichwani, jua likiwa limeshachomoza na kuwa kali. Safari nzima, mtungi mmoja. Ukijikwaa mlimani, maji yamekwenda, na hayazoleki. Hawakwenda mmoja mmoja, walikwenda kundi, na kundi lilikuwa na sheria moja ambayo mama aliishika mpaka ikawa kero kwangu mtoto: mwenzio humwachi majini. Kama umejaza na mwenzio hajajaza, unakaa, unasubiri. Hata kama ni mzembe. Hata kama ana maneno mengi.

Mimi sheria hiyo niliionja kwenye bomba la mtaa. Nilikuwa mdogo, ndoo imejaa, shingo inauma, tumbo linanguruma, na mama amekaa juu ya jiwe anamsubiri mama mmoja wa jirani ambaye maji kwake yalikuwa kisingizio tu, alichokuja kuchota ni habari za watu. Nikimvuta mama kanga, twende, ananijibu neno lilelile. "Mwenzangu hajajaza." Nilimchukia yule jirani kwa moyo wangu wote wa kitoto.

Basi turudi kwenye kiangazi chetu. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani nyumbani, mume wangu alishanitangulia mbele ya haki, wanangu wako mbali, ndani tupo mimi na mama. Baada ya lile buti, nilijifanya nacheka. Nikawasimulia wateja, wakacheka, nikaona ni jambo la kuchekesha na litapita. Halafu likaja la gauni.

Lilikuwa gauni la mama wa bibi harusi. Kitambaa cheupe cha lesi, kizuri, kimetoka Dar, na juu yake nimeweka kitenge chekundu cha mtu mwingine, vyote vimekunjwa kabatini vinangoja wenyewe. Mama akaona kabati ni mahali pazuri. Akalaza chupa ya maji kati ya vitambaa viwili, na kizibo hakikukaza. Nilipofungua kabati, lesi ilikuwa na wekundu kuanzia kifuani mpaka kwenye pindo, na mwenye gauni amesimama nyuma yangu amekuja kulijaribu. Mama huyo ana mdomo, Newala nzima inamjua. Akalishika pindo kwa vidole viwili, akaniuliza, "Fundi, hili gauni limezama wapi?"

Alipoondoka nikamwendea mama chumbani. Wanasema hasira hasara, na mimi hasara hiyo nimeilipa maisha yangu yote, sijajifunza. Nikampigia kelele. Mama, unataka nini na haya maji? Nani anakunyima maji humu ndani? Unanitia aibu mbele ya watu, unaniharibia kazi, unataka tule nini?

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema kwa upole, "Wewe mama, hujaona kiangazi wewe." Akasogea kidogo kitandani ili nipate pa kukaa, kwa kuwa machoni pake mimi ni mgeni na nimechoka.

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye cherehani, nikawa nashona bila uzi.

Hayo ya kuficha yalikuwa ya kuudhi, na kuudhiwa hakuui mtu. Kilichonitia hofu kilianza mikorosho ilipotoa maua. Alfajiri moja niliamka nikakuta mlango wa uani uko wazi, kitanda cha mama kitupu, na ndoo moja haipo. Kabla sijavaa viatu, jirani yangu akawa anabisha hodi, amemshika mama mkono. Jirani huyu ni mwalimu, mtu wa Ukerewe, amepangishwa nyumba ya pili. Tumeshagombana naye mara kadhaa kwa sababu ya anavyomwaga maji ya kuoga, lakini simlaumu sana, amekulia ziwani. Alikuwa amemkuta mama barabarani, ndoo kichwani, anatembea haraka.

"Nimemuuliza bibi anakwenda wapi," mwalimu akaniambia, "akasema amechelewa, wenzake wamemtangulia."

Mara ya pili hakuna aliyemkuta barabarani. Tulimtafuta mimi na mwalimu na vijana wa bodaboda, jua likapanda, tukamwona kwenye njia ya zamani ya kuteremkia bondeni, ambayo siku hizi hakuna anayeipita na imeota miba. Alikuwa ameketi pembeni, miguu imechanika, ndoo ameipakata. Hatua chache mbele yake njia inakatika, ni korongo mpaka chini. Nilipomwona nilitaka kumkumbatia na kumchapa kwa pamoja. Nikambeba mgongoni. Ni mwepesi mama yangu, ni mwepesi kuliko mzigo wa vitambaa.

Habari hizo zilifika Masasi kabla sijamwosha vidonda. Kaka yangu ni mtumishi wa serikali huko. Ana nyumba ya tofali za kuchoma, ina geti, na bomba uani linalotoka maji. Akapiga simu.

"Mdogo wangu, mama atakufa bondeni na watu watatucheka."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimeshazungumza na mjomba, amekubali. Nikimaliza ukaguzi hapa ofisini nakuja kumchukua."

Mjomba akikubali, kwetu neno limekwisha. Yeye ndiye ndugu yake mama, na sisi ni watu wa upande wa mama. Nikauliza tu, huko kwako mchana atakaa na nani, maana wewe kazini, shemeji kazini. Akasema geti litafungwa. Nikamwuliza, kwa ufunguo? Akasema kwa ufunguo, kwani wewe kisima chako umekifunga kwa nini?

Nilikata simu, halafu nikakaa nikafikiri kuwa ana haki. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimechoka, tena nimechoka mpaka basi. Nalala sikio moja liko mlangoni. Wateja wanapungua. Ningeweza kusema nampenda mama na kwa hiyo sitaki aondoke, na ni kweli nampenda, lakini kuna siku nilikuwa naomba gari la kaka lije hata kesho. Halafu namwona amelala, mdomo wazi, mkono umeshika chupa ya maji chini ya shuka, na naona akifungiwa Masasi kwenye joto lile, anagonga geti, hakuna anayemjibu.

Basi mimi pia nikafunga. Nilinunua kufuli nyingine, ya mlango wa uani. Alfajiri yake mama aliamka, akachukua ndoo, akaukuta mlango umefungwa. Akaanza kuugonga mlango kwa ndoo. Si kwa fujo. Anagonga, anasikiliza, anagonga tena. Majirani wakaanza kukohoa madirishani. Nikamwambia, mama, lala, hakuna mahali pa kwenda. Anagonga. Nikamwambia, maji yapo hapa uani, kisima kimejaa. Uongo, kilikuwa kimebaki robo. Anagonga. "Wataniacha," anasema. "Wataniacha, wamefika mikorosho ya mwisho sasa hivi."

Nami nikapandwa na hasira zangu.

"Haya," nikasema. "Haya twende. Twende tukayachote hayo maji, leo utachoka wewe."

Nikafungua mlango, nikanyakua ndoo yangu, nikajitupia kanga, nikatoka mbele. Sikuwa na mpango wowote wa busara, mtu asije akanisifu. Nilitaka atembee mpaka miguu imwambie ukweli, basi. Tukashika njia ya msikitini, tukapita nyuma ya madrasa, tukaingia kwenye mikorosho. Bado kiza kidogo, mabibo ya mwanzo yameanza kudondoka, harufu yake tamu inakera pua. Mimi mbele nafura, mama nyuma na ndoo yake, na kadiri tunavyokwenda nikamsikia amebadilika. Anapumua kwa raha. Anaongea.

Alikuwa ananisimulia habari za mama fulani aliyeachwa na mumewe kwa sababu ya ming'oko, ile mizizi ya porini. Eti aliipika, akaila yote peke yake kabla mume hajarudi shamba. Watu hao wote ni marehemu, lakini masimulizi yalikuwa ya moto, ya jana. Nilijikuta nauliza, "Kisha mume akasemaje?" Mama akacheka mpaka ndoo ikatikisika.

Tukauzunguka mtaa kwa nyuma. Ua wetu upande wa nyuma ni wa mabanzi, na pana pengo ambalo nimekuwa nikisema nitaliziba tangu mume wangu yuko hai. Nikapita kwenye pengo, mama akafuata, tukatokea mbele ya kisima chetu wenyewe, tukitokea upande asiouzoea. Nikasimama. Sasa atajua, nikawaza, sasa litazuka.

Mama alitua ndoo, akashika kiuno.

"Tumefika," akasema. "Siku hizi si mbali."

Nikafungua kufuli, nikainua mfuniko. Nikamshushia kopo la kamba, akavuta mwenyewe, akajaza ndoo yake taratibu bila kumwaga tone. Mikono yake haikusahau chochote. Kisha akajitwisha? Hapana. Akakaa kwenye ukingo wa kisima, akanitazama. Nikamwuliza anangoja nini.

"Nakungoja wewe. Hujajaza."

Nikajaza. Tukaingia ndani na ndoo zetu mbili. Mama akanywa uji, akalala mpaka mchana, na siku ile sikukuta maji popote pasipo pake. Nilitazama hata ndani ya viatu.

Kwa hiyo tukaendelea. Kila alfajiri, ndoo mbili, njia ya msikitini, madrasa, mikorosho, pengo la ua. Mtaa ukapata la kusema. Fundi na mama yake wanazunguka alfajiri na ndoo tupu, unafikiri wanatafuta nini? Kuna waliosema ni dawa ya kufukuza wateja wa fundi mwenzangu wa pale sokoni. Mwalimu wa Ukerewe aliniuliza uso kwa uso kama ni mila ya Kimakonde, ili asije akaikosea. Nikamwambia ndiyo, ni mila, na wapangaji pia inawahusu, wapunguze maji ya kuoga. Alinisadiki siku nzima, maskini.

Mimi sikuwa nimebadilika tabia. Nilikuwa nakwenda nimenuna, usingizi umenijaa, visigino vinauma. Maji tuliyokuwa tunayachota ni yaleyale ya uani kwangu, hatua chache kutoka kitandani, na mimi nayazungukia mtaa mzima. Ukifikiri sana unaweza kulia au kucheka, na asubuhi nyingine nilifanya yote mawili kabla ya kufika madrasa.

Siku moja kwenye mikorosho mama alianza kunieleza habari za watoto wake.

"Wa kiume ana kazi kubwa, Masasi," akasema. "Ana adabu. Wa kike ni fundi."

"Fundi mzuri?" nikauliza.

"Anashona vizuri sana. Lakini ana hasira huyo, wee. Tangu mdogo. Ukimchelewesha kidogo tu, anakuvuta kanga."

"Unamwogopa?"

Alifikiri hatua kadhaa. "Namwonea huruma," akasema. "Yuko peke yake yule, hana mtu wa kwenda naye majini."

Nilitembea mbele ili asinione uso, ingawa hata angeuona nisingejua anauona wa nani.

Kaka alikuja ukaguzi wake ulipokwisha, siku ya Jumamosi. Aliondoka Masasi mapema, akapanda mlima wa Newala kabla ya joto, akafika tukiwa ndiyo kwanza tunatokea kwenye pengo la ua na ndoo zetu. Alikuwa amesimama kando ya kisima, shati jeupe limepigwa pasi, ufunguo wa gari mkononi. Mabegi ya mama nilikuwa nimeyapanga tangu jana yake, yako barazani. Niliyapanga mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimeshakubali. Kuzunguka mtaa na ndoo si dawa ya ugonjwa, hata mimi nalijua hilo, na alfajiri moja ningelala usingizi mzito, kufuli ingesahauliwa, na bonde liko palepale.

"Shikamoo, mama," kaka akasema.

Mama alimtazama, uso ukafunguka wote. "Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huyo mkeo hakupikii?"

Alimjua. Mtoto anayekuja sikukuu na sikukuu, na anajulikana palepale mpaka kilo zake. Nisiseme uongo, niliona wivu. Mimi ninayemwosha, ninayemlisha, ninayemzungusha mtaa mzima kama chizi mwenzake, sina jina.

Kaka naye alikuwa anafuta macho. Akamshika mkono. "Mama, nimekuja kukuchukua. Twende kwangu, Masasi, ukapumzike. Kuna maji, yanatoka yenyewe."

"Twende," mama akasema. Hakusita hata kidogo. "Nimekuwa nikikungoja."

Kaka akanitazama juu ya kichwa cha mama, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Akabeba mabegi kuyatia garini. Mama akajaza ndoo yake kama kawaida, bila kumwaga, akaiweka kivulini, akajifuta mikono kwenye kanga. Kaka aliporudi alimshika begani. Akataka kumtania kidogo, au labda kunifariji mimi, akanionyesha kwa kidole.

"Na huyu, mama? Muage basi huyu. Huyu ni nani?"

Mama akanitazama kwa muda mrefu, na kwa bidii. Niliona anatafuta, na sikutaka atafute, ningemwambia aache.

"Jina lake limenitoka," akasema. "Tunachota wote maji."

"Basi muage, twende."

Mama akapiga hatua moja kuelekea kwenye gari, kisha macho yake yakashuka kwenye ndoo yangu. Ilikuwa tupu, imekaa palepale nilipoitua. Akarudi. Akakaa kwenye ukingo wa kisima, akakunja kanga katikati ya magoti.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akamwambia kaka. "Mwenzangu hajajaza."

Kaka akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa mkubwa kwangu, alisimama sana kwenye lile bomba la mtaa, anayajua hayo maneno. Akamwambia mama, atajaza, sisi tutangulie. Mama hakuinuka. Akambembeleza, mama jua linapanda, barabara ina vumbi. Mama alikuwa ananitazama mimi tu, bila haraka, kama mtu aliyetoka mbali na hawezi kumwacha mtu njiani.

"Mdogo wangu," kaka akasema kwa sauti ya chini. "Jaza basi hiyo ndoo."

Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Kopo lilikuwa limeshazama, nalisikia lilivyo zito. Mivuto michache tu na ndoo ingejaa, mama angeinuka, angeingia garini bila ugomvi, na mimi usiku huo ningelala. Nililala usingizi wa kweli lini mara ya mwisho, sikumbuki. Na korongo liko palepale, na kaka ana haki, na mjomba ameshasema. Nilivuta kamba, kopo likaja juu, nikalishika. Maji yakawa yananimwagikia miguuni.

Nikayarudisha kisimani.

"Kaka, nisamehe," nikasema. "Siwezi."

Nilidhani atafoka, na mimi nilikuwa tayari, maneno yamekwisha kujipanga mdomoni. Lakini alikwenda garini, akarudi na mabegi, akayaweka barazani moja baada ya jingine. Akapiga kufuli ya mlango wa uani ngumi mbili kuona kama imekaza. Akasema atamweleza mjomba, na kwamba mama akitoka tena peke yake atakuja kumchukua bila kuniuliza mimi wala mtu yeyote. Kisha akanywa uji pamoja nasi, na alipoondoka mama alimwambia akamsalimie mama yake.

Mvua zimeshanyesha tangu hapo. Kisima kimejaa, bati limeoshwa, mwalimu anaoga atakavyo. Mama amedhoofika, njia tumeifupisha, madrasa hatufiki tena. Sijui kama nilifanya vema. Kuna usiku nasikia mlango, nakwenda kugusa kufuli, na ni upepo.

Alfajiri tunakwenda. Yeye anajaza ndoo yake, anakaa ukingoni, anakunja kanga katikati ya magoti. Ananiuliza, "Umejaza, mama?" Nami nashika kamba, nachungulia kwenye ndoo yangu, namjibu bado.